Namna ya Kuwa Mshauri Nasaha wa Ndoa na Mahusiano Ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Katika miji ya Nyanda za Juu Kusini, wanandoa wanaogombana hawakosi watu wa kuwasikiliza. Yupo mshenga aliyepeleka barua ya posa, wapo wasimamizi wa ndoa, wapo wazee wa kanisa na mama mchungaji, yupo shangazi ambaye habari za ugomvi humfikia Mbalizi kabla wagombanao hawajalala, na mambo yakishindikana kabisa lipo baraza. Wote hao wana kazi moja wanayoifanya kwa uzoefu mkubwa, nayo ni kusikiliza pande mbili kisha kutoa hukumu. Anayetaka kuifanya kazi ya ushauri nasaha na tiba ya mazungumzo katika mazingira haya aelewe mapema kwamba hakuna atakayemlipa ili aongeze hukumu nyingine juu ya zile. Atalipwa kwa kitu ambacho wale wengine hawawezi kukitoa hata wakitaka, kwa sababu wao ni ndugu, ni waumini wenzao au ni majirani: nafasi ya kulisema jambo lote bila kuamuliwa, na uhakika kwamba jambo hilo halitatoka nje ya mlango.

Nimeifanya kazi hii kwa miaka 11, kwanza Iringa na sasa Mbeya, na maswali ninayoulizwa na vijana wanaotaka kuingia karibu yote yanahusu cheti: kinapatikana wapi, kwa muda gani na kwa ada kiasi gani. Cheti ni muhimu na nitaanza nacho, lakini nitakipitia kwa haraka kuliko wengi wangependa, maana mahali palipotuangusha mimi na wenzangu hapakuwa darasani.

Kazi tatu zinazoitwa kwa jina moja

Kabla ya kuchagua chuo, tenganisha kazi tatu ambazo mtaani zote huitwa "saikolojia". Daktari bingwa wa magonjwa ya akili amesomea udaktari wa binadamu kwanza, kisha akabobea. Yeye ndiye anayetambua ugonjwa na kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa, ila amefundishwa, kwa kawaida hadi shahada ya uzamili, kupima hali ya akili na kutibu kwa mazungumzo matatizo kama sonona, hofu iliyopitiliza na athari za mshtuko mkubwa. Mshauri nasaha hushughulika zaidi na mtu ambaye si mgonjwa bali maisha yamembana, iwe ni kwa ndoa, msiba, uamuzi mgumu au majibu ya kipimo. Mpaka kati ya huyu wa pili na wa tatu hufifia katika kazi za kila siku, lakini mpaka kati yao na daktari haupaswi kufifia hata siku moja, na anayejibandika jina la "Dokta" kwenye bango kwa sababu tu anashauri wanandoa anamdanganya mteja kabla hata hajamkaribisha kiti.

Huku kwetu watu wengi walilisikia neno "ushauri nasaha" kwa mara ya kwanza kwenye vituo vya kupima VVU, na sababu yake inajulikana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016–17 ulikuta maambukizi kwa watu wazima yakiwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya, mikoa mitatu iliyoongoza nchini. Kwa hiyo mshauri wa ndoa wa ukanda huu hawezi kuikwepa mada hiyo. Atapokea wenza ambao mmoja ana virusi na mwingine hana, na anapaswa kujua kwa uhakika, si kwa kukisia, kwamba mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hali ambayo huthibitishwa kliniki, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Niliwahi kuona mume na mke waliokuwa wakilala vyumba tofauti kwa miaka miwili wakirudi chumba kimoja baada ya muuguzi wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, kuwaambia maneno hayo wakiwa wamekaa pamoja. Mimi nilikuwa nimewashauri kwa wiki tano bila kufikiria kumwita muuguzi.

Masomo

Njia iliyonyooka ni shahada ya kwanza ya saikolojia au ya saikolojia ya ushauri, ambayo huchukua miaka mitatu. Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, na vyuo huweza kuongeza masharti yao. Chuo Kikuu cha Iringa, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kimekuwa kikifundisha saikolojia ya ushauri, hivyo mtu wa Mafinga au Makambako halazimiki kuhamia Dar es Salaam ili aanze. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina shahada ya saikolojia, na anayetaka baadaye kufika kwenye saikolojia tiba huangalia shahada ya uzamili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Soma mwongozo wa udahili wa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka husika badala ya kutegemea kumbukumbu za kaka yako, maana kozi hufunguliwa na kufungwa, na usilipe ada ya "diploma ya ushauri" ya wiki sita kabla ya kuhakikisha kwamba chuo hicho kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi.

Wapo wanaoingia kwa mlango wa pembeni: wauguzi, walimu wa malezi na unasihi, maofisa ustawi wa jamii, wachungaji, mapadre na masista. Hawa huja na kitu ambacho kijana wa shahada hana, yaani miaka ya kukaa na watu wenye shida, na wengi wao huwa washauri wazuri sana wakishaacha tabia moja ya kazi yao ya zamani. Mwalimu husahihisha, mchungaji huhubiri, na muuguzi hukimbilia kuondoa maumivu kabla hajajua yanatoka wapi.

Kuhusu nadharia, usijaribu kuzimeza zote. Anza na Carl Rogers wa Marekani, ambaye mwaka 1957 alieleza kwamba kinachomfungua mtu ni namna anavyopokewa: mshauri amwelewe kutoka ndani ya macho yake mwenyewe, amkubali bila masharti, na asiigize. Mfuate Aaron Beck, aliyeonyesha kuanzia miaka ya 1960 jinsi mawazo yanayojileta yenyewe kichwani, kama "mimi sifai", yanavyozalisha huzuni, na jinsi yanavyoweza kuchunguzwa kama mtu anavyochunguza ushahidi. Kwa upande wa ndoa, msome John Gottman, ambaye kwa miaka mingi aliwarekodi wanandoa wakizungumza katika maabara yake ya Chuo Kikuu cha Washington na kubainisha mambo manne yanayobomoa: kumshambulia mtu badala ya kulisema kosa, dharau, kujitetea kwa kila neno, na kujifungia kimya. Dharau ndiyo aliyoiona kuwa mbaya kuliko yote. Unaposoma hayo, yatafsiri katika mwili wa watu wako: dharau kwetu ni kusonya, ni kubetua mdomo, ni "ninyi watu wa kwenu ndivyo mlivyo", na kujifungia kimya ni kununa, neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili analijua.

Ungana pia na yaliyofanyika karibu. Dixon Chibanda, daktari bingwa wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa Mbare, Harare, kukaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye msongo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba dalili za waliohudumiwa na bibi hao zilipungua zaidi kuliko za waliopata huduma ya kawaida. Bibi hao walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Mteja wa Mwanjelwa au Kihesa naye hatakuambia kwamba ana sonona. Atasema "nina mawazo", "kichwa kinawaka moto", "moyo unaenda mbio", "usingizi umenikimbia". Anza na neno lake na ukae nalo. La kitabuni litatumika utakapoandika barua ya rufaa.

Kujifunza kutoamua

Hapa ndipo ninapotaka kukawia. Nichukue mfano ambao nimeubadilisha kiasi cha kutotambulika: mume anasafirisha viazi kutoka Uyole kwenda Dar es Salaam, mke ana genge karibu na stendi, na wamekuja kwa sababu ya "hela". Hawajakaa vizuri mke anageukia upande wangu.

"Mshauri, hebu muulize huyu, mwezi wa tatu alimtumia mama yake shilingi ngapi."

Mume anaangalia dirisha. Mshauri mgeni atamuuliza mume swali hilo, kwa sababu linasikika kama swali la haki, na mara atakapouliza atakuwa ameshakalia kiti cha hakimu. Kuanzia hapo kila mmoja atakuwa anamletea ushahidi. Nilichofanya ni kumwomba mke ageuze kiti.

"Mama, mwambie yeye. Mimi nipo, ninawasikia."

Aligeuza kiti, akanyamaza muda mrefu. Kimya hicho ni kigumu kwa mshauri kuliko kwa mteja, na mkono utakuwasha kukijaza kwa swali. Usikijaze. Alipofungua kinywa, hakutaja kiasi cha hela.

"Siku niliyokuomba nauli ya kumpeleka mtoto hospitali uliniambia huna. Jioni nikaona ujumbe kwenye simu, umetuma kwa mama."

Mume akaanza kujieleza kwamba hela ile ilikuwa ya watu, kwamba mama alikuwa na deni la mbolea. Nikamzuia kwa upole.

"Baba, utajieleza, nafasi ipo. Kwanza mwambie mama ulichomsikia akisema."

"Amesema sikumpa nauli."

"Mama, ndicho ulichosema?"

"Hapana."

Alijaribu tena, akakosea tena. Mara ya tatu alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo: "Amesema siku ile aliona mtoto wake hana uzito kwangu kama mama yangu." Mke akavuta ncha ya kitenge, akajifuta. Muda wa kikao ulikuwa umekwisha. Suala la hela halikuwa limeamuliwa na hakuna aliyeshinda, lakini walitoka wakiwa na jambo moja ambalo vikao viwili vya ukoo havikuwa vimewapa: wote wawili sasa walijua ugomvi ulihusu nini.

Ufundi huu wa kumfanya mmoja aseme alichosikia kabla hajajibu unaonekana mdogo ukiusoma, na ni mgumu sana ukiufanya. Ufanyie mazoezi na wenzako chuoni hadi ukuchoshe, mkipeana zamu za kuwa mume, mke na mshauri, na mwenzenu wa nne akihesabu ni mara ngapi mshauri ametoa ushauri. Mwanafunzi wangu wa kwanza alihesabiwa mara 17 ndani ya dakika 20.

Kikao cha kwanza na suala la siri

Kosa langu kubwa kuliko yote nililifanya mwaka wangu wa kwanza wa kazi, nikiwa Iringa. Mke alikuja peke yake, akanieleza kwamba amekopa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, bila mumewe kujua, akaniomba nisimwambie. Nikakubali, nikiona kwamba kutunza siri ndiyo kazi yangu. Baada ya wiki mbili alimleta mume, nami nikakaa vikao vitatu nikiwasikiliza wakibishana kuhusu hela zinazopotelea wapi, huku jibu nikiwa nalo mimi. Mume alilipata kwa mwenyekiti wa kikundi, na siku hiyo hiyo akajua kwamba nilikuwa ninajua. Alikuja ofisini, hakukaa. "Kumbe mlikuwa wawili," akasema, akavaa koti lake, na hakurudi tena.

Tangu siku hiyo, kabla wanandoa hawajaanza kunieleza chochote, ninawaambia utaratibu wangu kwa maneno haya au yanayokaribiana nayo. Nitamwona kila mmoja peke yake mara moja. Akinieleza jambo linalomgusa mwenzake, sitalipeleka mimi, bali nitamsaidia alitafutie maneno aliseme mwenyewe ndani ya muda tutakaokubaliana. Asipokuwa tayari, nitasitisha kazi ya pamoja bila kueleza sababu, na nitamwelekeza kila mmoja kwa mshauri wake. Wapo wanaokunja uso wakisikia hivyo. Ni afadhali wakunje uso siku ya kwanza.

Hicho kikao cha peke yake kina kazi nyingine ambayo humwambii mtu yeyote kuwa ndiyo sababu kuu: ndipo unapouliza kama kuna kupigwa, kutishwa au kulazimishwa. Ukiuliza wakiwa wote wawili, anayepigwa atasema hapana, kisha atalipia hata hiyo hapana akifika nyumbani.

Liko pia suala la salamu, ambalo vitabu vya ng'ambo hulimaliza kwa sentensi moja: mshauri akikutana na mteja nje, asimsalimie kwanza. Jaribu hilo Tukuyu. Huku kumpita mtu unayemfahamu bila salamu ni dharau, na wanaokutazama watajiuliza mna ugomvi gani. Mimi hukubaliana na mteja mapema kwamba tukikutana sokoni au ibadani nitamsalimia kama ninavyomsalimia kila mtu, za nyumbani na za kazi, wala sitamuuliza maendeleo, wala yeye hatanieleza. Na kama yuko na mtu anayeuliza tumefahamianaje, yeye ndiye atakayechagua jibu.

Chumba

Wengi huanza kwa kupanga fremu, na fremu nyingi zina kasoro moja isiyoonekana: ukuta wa kati huishia kwenye dari, na juu ya dari hakuna kitu, hivyo sauti hupanda, huvuka na kushukia kwa fundi cherehani wa jirani. Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, weka redio ndani ya chumba kwa sauti ya mtu anayezungumza, funga mlango, kisha nenda ukakae fremu ya pili na usikilize. Ukisikia maneno, tafuta kwingine au zungumza na mwenye nyumba ajenge ukuta hadi kwenye bati. Mvua za Mbeya, zinazoanza Novemba na kwenda hadi Mei, hukufanyia hisani upande huo, maana zikipiga bati jirani hasikii kitu. Ila na wewe husikii, na mteja hawezi kupiga kelele ili akueleze aibu yake. Siku hizo mimi husogeza viti na kuongeza muda.

Bango lisiandikwe "Ushauri wa Ndoa". Mtu anayeingia chini ya bango hilo amekwisha kutangaza mambo yake kwa stendi nzima. Jina la kawaida linatosha, na ni bora zaidi ukiwa jengo moja na ofisi zenye watu wengi wa aina mbalimbali, kama wakala wa bima au stationari. Acha nafasi ya robo saa kati ya wateja ili anayetoka asikutane na anayeingia, kwa kuwa katika mji kama Njombe wawili hao huenda ni mtu na shemeji yake.

Mahali ambapo mazungumzo hayatoshi

Ikiwa kuna kipigo au vitisho, usiendelee na vikao vya pamoja. Kumweka anayepigwa na anayempiga kwenye viti vinavyotazamana na kuwaambia wasemezane kwa uwazi ni kumtafutia kipigo kingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kipigo, na wateja wengi, wake kwa waume, hushangaa kusikia hivyo. Mweleze aliyeumizwa kuhusu Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi na fomu ya polisi ya PF3 kwa ajili ya matibabu, kisha mwache aamue hatua na wakati wake, isipokuwa kama maisha yake yako hatarini. Kwa mtoto hakuna hiari ya namna hiyo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakutaka utoe taarifa, na namba 116 hupigwa bila malipo.

Anayesema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo, bali humwonyesha kwamba jambo hilo linaweza kutamkwa. Fahamu kwamba Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, katika kifungu cha 217, na hofu ya polisi huwafanya watu walizunguke kwa maneno kama "nitawaachia nafasi". Kaa naye, mtafute ndugu anayemwamini kwa ridhaa yake, hakikisha nyumbani hakuna sumu za shambani anazoweza kuzifikia, na umfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ina huduma ya afya ya akili, na hospitali za rufaa za mikoa hupokea na kuelekeza. Kwa hali zinazohitaji zaidi, ipo Mirembe, Dodoma. Nenda ukajitambulishe kwa wahudumu wa kitengo hicho kabla hujawahitaji. Barua ya rufaa kutoka kwa mtu wanayemjua hufunguliwa haraka.

Mteja akisema amerogwa, usibishane naye wala usimuunge mkono. Muulize ni nani anamshuku na tangu lini, kwa sababu jina atakalolitaja karibu kila mara ndilo jina la mtu mwenye ugomvi naye ambao hajakueleza. Tofauti ni pale anaposikia sauti zisizosikiwa na wengine au anapoongea mambo yasiyofuatana. Huyo ni wa daktari, hata kama familia imeshapanga safari ya kwenda kwa mganga.

Liko moja la kisheria litakalokujia mara kwa mara. Mtu atamaliza vikao, ataamua kuachana, kisha atakuomba barua ya kupeleka mahakamani. Huna mamlaka hayo. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, nalo ndilo linalotoa hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha; ziko hali chache ambazo mahakama haihitaji hatua hiyo, lakini hilo ni la wakili kulieleza. Usikubali pia kuwa mjumbe wa baraza linalosikiliza shauri la mteja wako, hata mwenyekiti akikusihi kwa kuwa "wewe ndiye unayewajua".

Malipo na karatasi

Upande huu ni mfupi. Sajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, chukua TIN, yaani namba ya mlipakodi, omba leseni ya biashara halmashauri. Kwa kuwa utahifadhi habari za afya na za ndoa za watu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: jisajili kwa Tume husika, andika yale tu unayoyahitaji, na uyafungie. Kumbukumbu zangu hazizidi mistari sita kwa kikao, na jalada halina jina bali namba.

Bei iseme kwenye simu, kabla mteja hajapanda basi. Wakulima wa huku wana hela baada ya mavuno na hawana Januari, ada za shule zinapowasubiri, kwa hiyo weka kiwango cha chini ambacho hutashuka, na wachache wa kulipa nusu ambao unaweza kuwabeba. Kuna mteja aliyeniletea lumbesa ya viazi badala ya fedha. Nilipokea, na wiki iliyofuata nilijikuta ninashindwa kumwambia mume huyo ukweli aliohitaji kuusikia, kwa sababu viazi vyake vilikuwa jikoni kwangu. Sijapokea tena.

Mtu wa kukusimamia

Usiifanye kazi hii bila msimamizi, yaani mshauri mwenye uzoefu kukuzidi, ambaye unamletea kesi zako bila majina mara moja kwa mwezi. Kama mjini kwako hayupo, safiri. Nilipohamia Mbeya niliendelea kupanda basi kwenda Iringa kila mwezi kwa miaka mitatu, na nauli hiyo niliiweka kwenye hesabu za ofisi kama ninavyoweka kodi ya chumba. Msimamizi wangu hakuwa akiniuliza mteja anaendeleaje. Alikuwa akiuliza, "Na wewe ulikasirika dakika ya ngapi?" Mara nyingi nilijua dakika yenyewe, na mara nyingi ilikuwa dakika ambayo mume alisonya kama baba yangu alivyokuwa akisonya.

Mwombe msimamizi huyo jambo la mwisho, ambalo vijana huwa hawalifikirii. Siku ukiugua ghafla au ukifariki, ndugu zako watakuja kuhamisha vitu vya ofisi, na shemeji yako atafungua kabati. Funguo ya pili ya kabati langu iko Iringa, pamoja na bahasha yenye namba za majalada na namba za simu bila majina, na maelekezo ya mistari mitatu: awapigie wateja yeye mwenyewe, asiwatumie ujumbe, na majalada ayachome siku hiyo hiyo kabla ya msiba kumalizika.